Saa ya Mgonjwa Isipotee Njiani: Mwongozo Kamili wa Kanda za Saa katika Programu za Kukusanya Data za Tafiti za Kitabibu

Kadi ya dozi ilijazwa kwa wino wa bluu, na mwandiko wa mama ulisomeka bila taabu. Dozi ya kwanza: 4:20. Dozi ya pili: 12:20. Ile ya kwanza ilitolewa kliniki mbele ya muuguzi, naye alikwisha kuiingiza kwenye kishikwambi kama 10:20. Karani wa data akaongeza ya pili kama alivyoikuta kwenye kadi, 12:20, akahifadhi. Programu haikuuliza kitu. Usiku huo ripoti ya usalama ikatoka ikidai kwamba mtoto wa miaka mitatu amemezeshwa dozi mbili za dawa mseto ya malaria ndani ya muda wa saa mbili.

Mtoto alikuwa salama. Dawa ile, artemether na lumefantrine, hutolewa mara sita: mwanzo, kisha baada ya saa 8, 24, 36, 48 na 60. Mama alimpa mwanawe dozi ya pili saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, yaani 18:20, muda wa saa nane kamili tangu ile ya kwanza. Alifuata maelekezo barabara. Tulioshindwa ni sisi tuliotengeneza fomu.

Tangu siku ile sijaikubali tena programu yoyote ya utafiti kabla sijaona inavyotunza saa. Mwongozo huu ni kwa wanaotengeneza fomu hizo, wanaosimamia data, na wauguzi wanaotaka kujua kwa nini kishikwambi kinawauliza maswali mengi. Kanuni ninayoisimamia mwanzo hadi mwisho ni moja: saa ya jambo lililompata mshiriki iandikwe kama ilivyokuwa pale alipokuwa, pamoja na tofauti yake na saa ya dunia, UTC, na baada ya hapo asiwepo mtu wala mashine ya kuigeuza kimyakimya.

Ili tusizungumze hewani, chukulia utafiti wa dawa ya malaria wenye vituo viwili: Ngara upande wa Tanzania na Kirehe upande wa Rwanda, katikati yao daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Maabara ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu iko London. Timu ya takwimu iko Boston. Seva iko Frankfurt. Ngara iko mbele ya UTC kwa saa 3, Kirehe kwa saa 2. London na Boston hubadilisha saa zao mara mbili kila mwaka. Nikiandika 18:20 nakusudia saa ya kimataifa. Saa ya Kiswahili nitaiandika kwa maneno.

Hatua ya 1: Zitenge tarehe na saa kabla ya kutengeneza fomu

Chukua itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, ipitie ukurasa kwa ukurasa, na uorodheshe kila mahali panapotajwa siku au saa. Kisha zigawe. Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kuzichukulia zote kuwa kitu kimoja kwa sababu zote zinajazwa kwa kubofya kalenda.

Kuna tarehe tupu: siku ya kuzaliwa, siku ya kutia saini ridhaa, siku ya hudhurio. Hizi hazina saa, na hazitakiwi kuwa nayo. Kuna saa za matukio: dozi ilimezwa lini, damu ilitolewa lini, homa ilianza lini. Kuna mihuri ya mashine, inayoonyesha nani alihifadhi au kubadilisha nini na wakati gani. Na kuna saa za ratiba, zile ambazo bado hazijafika, kama kumbusho la kujaza shajara kila siku saa mbili usiku. Kila fungu lina namna yake ya kuhifadhiwa, na ukilichanganya na jingine utajuta mwishoni, siku ya kufunga hifadhidata.

Hatua ya 2: Tarehe tupu ibaki tupu

Watayarishaji wengi hupokea tarehe ya kuzaliwa, kwa mfano 6 Mei 2025, na lugha ya programu ikaigeuza kuwa usiku wa manane wa siku hiyo kwa saa za kishikwambi. Halafu inapelekwa kwenye seva kwa UTC. Usiku wa manane wa Ngara ni saa 21:00 ya siku iliyotangulia kwa UTC, kwa hiyo kinachofika ni 2025-05-05T21:00:00Z. Mwingine akikata herufi kumi za mwanzo apate tarehe, mtoto amezaliwa jana yake. Niliwahi kufungua faili zima la watoto wachanga waliozeeka kwa siku moja kwa njia hii. Sisi tulio mashariki mwa London ndio tunaopatwa zaidi, kwa sababu usiku wetu wa manane daima unaangukia siku ya nyuma ya UTC. Wa Boston hupatwa kinyume chake: lugha ya programu ya JavaScript ikisoma "2025-05-06" peke yake huihesabu kuwa usiku wa manane wa UTC, na skrini ya Boston ikaonyesha tarehe 5.

Siku moja ni nyingi. Utafiti unaopokea watoto wa miezi 6 hadi 59 unaweza kumkataa anayestahili au kumpokea asiyestahili, na hilo ni kosa la itifaki linaloandikwa na kuripotiwa.

Dawa yake ni nyepesi. Hifadhi tarehe kama tarehe: aina ya `date` kwenye hifadhidata, maandishi ya 2025-05-06 kwenye faili. Isipitishwe kamwe kwenye kitu chochote chenye saa. Na mama asipoikumbuka siku, akasema tu "Machi, mwaka wa 2019", andika 2019-03 na uishie hapo. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ISO 8601, kinaruhusu. Usiijaze siku ya kwanza ya mwezi ili programu iridhike. Hiyo ni data ya kutunga.

Jambo dogo linaloudhi: katika tafiti za malaria siku ya dozi ya kwanza huitwa siku ya 0, lakini kiwango cha CDISC SDTM, ambacho data huwasilishwa nacho kwa mamlaka za dawa, hakina siku ya 0. Siku ya kwanza ni 1, na iliyotangulia ni -1. Weka hesabu hiyo mahali pamoja tu kwenye programu.

Hatua ya 3: Saa ya tukio ihifadhiwe kwa vipande vinne

Hii ndiyo nguzo. Damu imetolewa Kirehe saa 09:40 asubuhi, tarehe 6 Mei 2025. Kwenye jedwali nataka kuona hivi:

saa_iliyoonekana: 2025-05-06T09:40
tofauti_na_utc: +02:00
eneo: Africa/Kigali
wakati_utc: 2025-05-06T07:40:00Z

Cha kwanza ni ushahidi. Ndicho mkaguzi atakachokilinganisha na karatasi ya kituo, na kikitofautiana hata kwa dakika moja lazima mtu aeleze. Cha pili kinakiweka cha kwanza mahali pake duniani. Cha tatu kinaeleza tofauti ile ilitoka wapi. Cha nne hukokotolewa na mashine kutokana na vile vingine, nacho ni cha kupangia na kutolea tu.

Je, wakati wa UTC peke yake hautoshi? Hautoshi. Ukihifadhi UTC tu umepoteza saa ya ukutani, na saa ya ukutani ina maana ya kitabibu. Homa ya saa 01:30 usiku Ngara, tarehe 7, kwa UTC ni 22:30 ya tarehe 6. Daktari anayesoma anadhani ni homa ya jioni ya siku ya nyuma. Wengi hudhani aina ya `timestamptz` ya programu ya hifadhidata ya PostgreSQL huhifadhi eneo kwa sababu jina lake linataja eneo. Haihifadhi. Hugeuza kila kitu kuwa UTC na kuitupa tofauti uliyoipa. Kwa hiyo safu za tofauti na eneo lazima uzitengeneze mwenyewe.

Na saa ya ukutani peke yake je? Angalia daraja la Rusumo. Sampuli imeondoka Ngara saa 10:00 na kupokelewa Kirehe saa 09:45. Kwa macho imefika kabla ya kuondoka. Kwa kweli imetumia dakika 45: 07:00 hadi 07:45 UTC. Kinyume chake kinatisha zaidi kwa kuwa hakionekani: sampuli iliyotoka Kirehe 09:40 na kufika Ngara 11:10 inaonekana imekaa saa moja na nusu, ilhali ni nusu saa tu. Kama mwongozo wa maabara unataka damu izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa moja, sampuli nzuri itatupwa.

Eneo liandikwe kwa majina ya hifadhidata ya IANA, ile orodha ya kanda za saa za dunia nzima: Africa/Dar_es_Salaam, Africa/Kigali, Europe/London, America/New_York. Usitumie vifupisho. IST ni India, ni Ireland, ni Israel. CST ni Marekani ya kati na ni China. Usitumie jina la nchi pia. Congo ina saa mbili: Kinshasa iko mbele ya UTC kwa saa 1, Lubumbashi, Goma na Bukavu kwa saa 2. Fomu inayouliza nchi kisha kukisia saa itamkosea nusu ya Congo.

Na usidhani nchi ikishapewa saa yake imemaliza. Sudan Kusini ilikuwa pamoja nasi kwenye saa 3 hadi 1 Februari 2021, ilipohamia saa 2. Utafiti uliokuwa ukiendelea Juba mwezi ule una data zenye tofauti mbili katika kituo kimoja, na anayezigeuza zote kwa kanuni ya leo atakosea zote za kabla ya Februari. Ndiyo maana nataka tofauti na jina la eneo, vyote viwili.

Hatua ya 4: Eneo litokane na kituo

Kishikwambi kisiachwe kiamue chenyewe kiko wapi. Ukiwa karibu na mpaka, simu inaweza kushika mnara wa nchi jirani na kujirudisha nyuma kwa saa moja, halafu ikajirekebisha ukipanda kilima. Muuguzi wala hatambui. Anaona 09:12, anaandika 09:12.

Kwenye Android kuna swichi mbili tofauti. Ya kuweka saa kiotomatiki iwashe. Ya kuweka saa za eneo kiotomatiki izime, kisha chagua mwenyewe eneo la kituo. Kila mshiriki awe amefungwa kwenye kituo chake ndani ya programu, na fomu ichukue eneo kutoka kwenye kituo. Kishikwambi kikitofautiana na kituo, programu isirekebishe yenyewe, ionyeshe onyo lenye maneno ya kawaida: "Kishikwambi kinasoma 09:12. Saa ya kituo cha Ngara ni 10:12. Angalia saa ya ukutani."

Kuna vishikwambi vinavyokaa siku nyingi bila mtandao, na vingine betri ikiisha kabisa huamka vikidhani ni mwaka 1970. Kwa hiyo kila kinapounganika, seva ilinganishe saa yake na ya kishikwambi na kuandika tofauti hiyo kwenye kumbukumbu, pamoja na kila fomu iliyopakiwa. Usiitumie kurekebisha data. Itunze, ili miezi sita baadaye mtu akiuliza kwa nini fomu ya Jumanne imepakiwa kabla ya kujazwa, uwe na jibu.

Wanaotumia programu za ODK au KoboToolbox: swali la tarehe na saa hubeba tofauti ya kishikwambi, kwa mfano 2025-05-06T10:20:00.000+03:00, na saa za kuanza na kumaliza fomu zinatoka kwenye kishikwambi hicho hicho, si kwenye seva. Wanaotumia programu ya REDCap: sehemu ya tarehe na saa haibebi eneo lolote. Kati ya alama zake za kujaza saa zenyewe, @NOW huchukua saa ya kifaa cha mtumiaji, @NOW-SERVER ya seva, @NOW-UTC ya UTC. Weka sehemu ya pili iliyofichwa yenye @NOW-UTC ili uwe na cha kulinganishia.

Hatua ya 5: Saa za Kiswahili

Hapa ndipo programu zilizotengenezwa mbali na kwetu hushindwa kabisa. Hakuna hifadhidata ya IANA itakayokuokoa, kwa sababu tofauti hii ya saa sita haiko kwenye ramani. Iko kwenye ulimi. Mama aliyeandika 12:20 anaishi katika eneo lile lile na muuguzi aliyeandika 10:20. Muuguzi alisoma skrini. Mama alihesabu tangu jua lilipochomoza, kama tunavyohesabu wengi wetu.

Wengi hudhani tiba ni kuongeza sita. Jaribu. Saa nne asubuhi ni 10:00, sawa. Saa nne usiku ni 22:00, kwa hiyo sasa ni kuongeza kumi na nane. Saa saba usiku ni 01:00, na tarehe imekwisha kubadilika. Saa kumi alfajiri ni 04:00, saa kumi jioni ni 16:00. Saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00, na hii "jioni" haina mipaka: watu husema saa kumi na moja jioni kwa 17:00 na saa moja jioni kwa 19:00. Kanuni inayosema jioni ongeza sita itaifanya saa moja jioni kuwa 07:00. Kwa hiyo usiandike kanuni. Andika jedwali lenye kila jina la saa na kipindi chake, na kinachokosekana kwenye jedwali kikataliwe.

Kinachofanya kazi kwenye fomu ni hiki. Usimpe mshiriki kisanduku cha tarakimu tupu. Mwulize kwanza kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Kisha mwonyeshe saa za kipindi hicho kwa maneno, zote, achague. Akichagua, skrini impe jibu kwa namna zote mbili: "Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni (18:20)". Muuguzi asome kwa sauti, mama aitikie. Hifadhi alichochagua kama alivyosema na 18:20 pia, katika safu mbili. Kwenye kadi za karatasi, chora jua na mwezi pembeni mwa kila mstari ili mtu azungushie, na uchapishe saa ya dozi inayofuata kwa maneno.

Usidhani pia kwamba kila msemaji wa Kiswahili anahesabu hivi. Kijana aliyekulia na simu mkononi anaweza kukuambia "saa kumi na nane" na akamaanisha hivyo hivyo. Mwulize kila mmoja.

Tarehe nayo ina mtego wake. Mtu akikuambia homa ilianza "jana usiku saa nane", anazungumzia 02:00 ya leo. Ukichagua jana kwenye kalenda umekosea kwa siku nzima. Na "usiku wa Ijumaa", kwa watu wa pwani wanaohesabu siku tangu magharibi, ni usiku ule baada ya Alhamisi kuchwa. Kiswahili kina namna yake safi ya kuliondoa shaka hili, nayo ni kusema usiku wa kuamkia. Itumie kwenye fomu. Kwa matukio yote ya usiku, programu iulize: "Ni usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 7, au usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 8?" Sijaona swali lililotuondolea kazi ya kusahihisha kuliko hili.

Hatua ya 6: Saa inayojirudia na saa isiyokuwepo

Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hazibadilishi saa kwa majira, ndiyo maana watayarishaji wetu huzisahau nchi zinazobadilisha. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Tarehe 25 Oktoba 2026, saa 01:30 inafika London mara mbili. Tarehe 8 Machi 2026, saa 02:30 haipo kabisa Boston. Ya kwanza programu iulize ni ipi kati ya mbili; ya pili iikatae.

Serikali hubadili mawazo, na mara nyingine kwa haraka. Misri iliyarudisha majira ya joto mwaka 2023. Lebanon mwezi Machi mwaka huo huo iliahirisha kusogeza saa, ikabatilisha uamuzi ndani ya siku chache, na kwa muda huo watu wa mji mmoja walikuwa na saa mbili. Morocco hurudi nyuma kwa saa moja kila Ramadhani. Kwa hiyo hifadhidata ya kanda za saa iwe inasasishwa kwenye seva na kwenye vishikwambi, na toleo lake liandikwe. Na saa za ratiba usizigeuze kuwa UTC mapema: hifadhi "20:00, Europe/London" na uikokotoe siku yenyewe ikikaribia.

Hatua ya 7: Mihuri ya mashine

Hapa sina maneno mengi, kwa sababu sheria zimesema. Kanuni ya Marekani ya 21 CFR Part 11 inataka kumbukumbu ya mabadiliko inayoandikwa na kompyuta yenyewe, yenye saa, isiyochezewa. Mwongozo wa kimataifa wa kuendesha tafiti za kitabibu, ICH E6(R3), uliopitishwa Januari 2025, unataka saa hizo ziwe wazi bila utata, na unaitaja UTC kama mfano. Basi muhuri utoke kwenye seva, kwa UTC, seva yenyewe ikisawazishwa kwa NTP, njia ya kompyuta kulinganisha saa zao mtandaoni, na mtumiaji asiwe na njia ya kuugusa. Kwenye skrini mwonyeshe saa ya kwake na ya UTC, zote zikiwa na lebo.

Saa ya kuingiza isijifanye kuwa saa ya tukio. Nimeona fomu zinazojaza saa ya dozi kwa saa ya sasa, na muuguzi aliyelemewa na foleni akaiacha vile vile. Sehemu ya saa ya tukio ianze ikiwa tupu.

Hatua ya 8: Soma ukubwa wa kosa

Makosa ya saa huacha nyayo. Kwa kila tukio linaloandikwa papo hapo kliniki, linganisha saa iliyojazwa na saa ambayo fomu ilifunguliwa kwa mujibu wa seva, kisha uitazame tofauti.

Ikiwa karibu na saa 1, kishikwambi cha mpakani kimeshika mnara wa jirani. Ikiwa 3 kwa Ngara au 2 kwa Kirehe, mtu amesoma UTC akadhani ni saa ya kituo. Ikiwa 6, ni saa ya Kiswahili iliyoingizwa kama ilivyo. Ikiwa 12, asubuhi na jioni zimebadilishana. Ikiwa 7 au 8 kwa Ngara, au 6 au 7 kwa Kirehe, huenda mtu wa Boston ameingiza kwa saa ya mezani kwake. Namba ndogo ni ya wakati wa majira yao ya joto, kubwa ni ya wakati wa baridi. Ikiwa 24, tafuta usiku wa manane au ile "jana usiku".

Programu isahihishe? Hapana. Itume swali kwa kituo likiwa na dhana ndani yake: "Dozi imeandikwa 12:20, kadi inaweza kuwa ilimaanisha saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Tafadhali hakikisha kwa mama." Muuguzi hulijibu swali la namna hiyo siku hiyo hiyo. Swali la "saa si sahihi, rekebisha" hukaa wiki tatu.

Hatua ya 9: Tarehe za mwisho ni za nani?

Itifaki nyingi zinamtaka mtafiti kumjulisha mfadhili tukio baya la hatari ndani ya saa 24. Kwa mamlaka, tukio lisilotarajiwa linalohusishwa na dawa lina siku 7 za kalenda likiwa la kifo au la kuhatarisha maisha, na siku 15 kwa mengine ya hatari. Saa 24 zihesabiwe kwenye wakati wa UTC, hazina tatizo. Siku ndizo zenye ugomvi. Barua pepe iliyosomwa Boston saa 23:30 tarehe 6 Mei, Ngara ni 06:30 ya tarehe 7. Siku ya 0, ile ya kuanzia kuhesabu, ni ipi? Amueni kabla ya mshiriki wa kwanza, liandikwe kwenye mpango wa usalama kwa eneo la IANA, na programu ionyeshe saa ya mwisho kwa saa za kila anayeitazama.

Hatua ya 10: Kutoa data

Faili linalokwenda kwa wanatakwimu liwe na saa ya ukutani na tofauti yake, 2025-05-06T18:20+03:00, si UTC tupu. Programu ya takwimu ya SAS huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1960 na haina mahali pa eneo, kwa hiyo peleka tofauti kwenye safu yake. Muda kati ya matukio mawili ukokotolewe kwa UTC. Siku ya utafiti ikokotolewe kwa tarehe ya mshiriki. Na faili lisifunguliwe kwa Excel kisha likahifadhiwa upya kabla ya kutumwa, kwa sababu Excel hupenda kuzibadili tarehe kwa namna yake bila kukuambia.

Hatua ya 11: Jaribu kabla ya mshiriki wa kwanza

Kaa na muuguzi mmoja wa kila kituo na mtu mmoja wa Boston, kila mtu na kifaa chake, mpitishe haya. Mtoto aliyezaliwa 2023-03-01 asajiliwe Ngara, afunguliwe Boston, abaki wa 1 Machi. Sampuli iondoke Ngara 10:00 ifike Kirehe 09:45, na programu iseme dakika 45. Kishikwambi kirudishwe mwaka 1970 kwa makusudi, kijazwe fomu, kiunganishwe, na onyo litokee. Homa ya saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumatano iingie kama 01:30 ya Jumatano hiyo. Dozi ya Boston ya 8 Machi 2026 saa 02:30 ikataliwe.

Mwisho mpeni mama mmoja asiyefundishwa chochote kadi mpya, na mwambieni mtoto amemeza dozi ya pili saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Aijaze mwenyewe. Karani aiingize bila kumwuliza. Ikitokea 18:20 kwenye skrini ya Boston, ikiwa na +03:00 pembeni, fungueni milango ya kliniki.